Kudhibiti mkondo katika vigeuzi vya umeme na vichujio amilifu: maswali ambayo mafundi wa Lubumbashi huuliza kila mara

Nimeandika ukurasa huu kwa sababu maswali yaleyale hunifikia kwa simu, mengi usiku, wakati nimeshaweka bukari (ugali) mezani. Wanaouliza ni wanafunzi wa elektroniki wanaomaliza masomo, na mafundi wa viwandani kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ambao wameletewa kabati la kichujio amilifu, yaani kigeuzi kinachosafisha mkondo wa gridi, na kuambiwa "washa". Majibu hayalingani urefu. Mahali watu wanapokwama nimekaa zaidi.

Kwa nini tunadhibiti mkondo, wakati kinachobadilishwa na swichi ni volteji?

Swichi za IGBT, yaani transista za nguvu kubwa, zinajua jambo moja tu: kuunganisha koili na upande wa juu au wa chini wa basi la DC, yaani reli za mkondo mnyoofu ndani ya kigeuzi. Mkondo ni matokeo ya hapo. Koili hukusanya volteji inayopewa, na mkondo hupanda au kushuka kwa mwinuko sawa na volteji ikigawanywa kwa thamani ya koili. Chukua koili ya milihenri 2 yenye volti 350 juu yake: mkondo unapanda ampea 17.5 kila mikrosekunde 100. Ukiacha milisekunde moja ipite bila kuangalia, tayari ni ampea 175, na swichi zimekufa. Ndiyo maana kitanzi cha mkondo, yaani mzunguko wa kupima na kusahihisha, hukaa ndani kabisa na huwa ndicho chenye kasi kuliko vyote. Kitanzi cha volteji ya basi la DC kinakizunguka kwa nje, taratibu, kikimwambia mwenzake wa ndani ni mkondo kiasi gani unahitajika.

Huo uchafu wa harmoniki unatoka wapi hasa?

Harmoniki ni mawimbi ya ziada ambayo frikwensi yake ni zidisho la ile ya gridi. Hutoka kwenye rektifaya, yaani kifaa cha kugeuza AC kuwa mkondo mnyoofu. Ya fezi tatu yenye mapigo 6, iwe ya diodi au ya thairista, huvuta mkondo wenye harmoniki ya 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kwa gridi yetu ya hezi 50 hizo ni hezi 250, 350, 550 na 650. Ukanda wetu una rektifaya kubwa kuliko miji mingi ya Afrika, kwa sababu shaba haikusanyiki kwenye katodi bila mkondo mnyoofu: kila seli ya elektrolisisi inataka volti 2 hivi tu, lakini kwa makumi ya maelfu ya ampea. Kwa ukubwa huo wahandisi hutumia transfoma yenye sekondari mbili, moja ya nyota na nyingine ya delta, zikipishana nyuzi 30. Hapo harmoniki ya 5 na ya 7 zinafutana zenyewe, zinabaki ya 11 na ya 13.

Mashine ndogo za kulehemu za Kenya na Katuba, komuni zetu za Lubumbashi, taa za LED, kompyuta na chaja ni habari nyingine. Hizo ni za fezi moja na huleta harmoniki ya 3, ambayo haifutani kwenye nyutro bali hujumlishana: ampea 20 kwa kila fezi ni ampea 60 kwenye nyutro. Kichujio cha waya tatu hakiwezi kuigusa hiyo. Ukiwa na jengo la ofisi au hoteli, omba cha waya nne.

Tuna kabati la kapasita la kurekebisha kipengele cha nguvu. Halitoshi?

Linaweza kukuharibia zaidi. Kapasita na transfoma hufanya resonansi, yaani hukuza pamoja frikwensi moja, na hesabu yake ni fupi: gawanya nguvu ya mzunguko mfupi wa transfoma kwa nguvu ya kapasita, kisha toa kipeuo cha pili. Transfoma ya kVA 1000 yenye impidansi ya 5% ina nguvu ya mzunguko mfupi ya MVA 20. Ukiwasha kapasita za kvar 400, unapata 50, na kipeuo chake cha pili ni 7.07. Umetega mtego juu ya harmoniki ya 7. Kapasita zinavimba, fyuzi zinakatika, na mwenye kiwanda anasema amelogwa. Kabla ya kuleta kichujio amilifu, tazama kama kapasita hizo zina koili za kuzilinda. Kama hazina, anza hapo.

Kichujio amilifu kinajuaje kitoe nini?

Kinapima mkondo wa mzigo, kinatenga sehemu safi ya hezi 50, na kinachobaki ndicho kinachokitoa kikiwa kimegeuzwa alama. Mzigo unavuta uchafu, kichujio kinauleta uchafu huohuo kutoka pembeni, na transfoma inaona wimbi lililotulia.

Njia ya kutenga iliyofungua mlango ni nadharia ya nguvu ya papo hapo, ambayo Hirofumi Akagi na wenzake wa Japani waliitoa mwaka 1983. Wengi leo hutumia fremu inayozunguka, yaani hesabu ya Park ya mwaka 1929 iliyotungwa kwa ajili ya mashine za umeme: ukizunguka pamoja na wimbi la hezi 50, unaliona limesimama kama mkondo mnyoofu, na kila kinachotikisika ni harmoniki. Kutenga si kazi ngumu. Ugumu ni kuutoa mkondo huo kwa wakati wake, na maswali yanayofuata yote yanazunguka hapo.

Histeresisi ni rahisi hivyo, kwa nini watu wanaikimbia?

Kweli ni rahisi. Unaweka ukanda kuzunguka mkondo unaotakiwa. Ukigusa ukingo wa juu unashusha swichi, ukigusa wa chini unapandisha. Haina vizidisho vya kurekebisha, haijali sana thamani ya koili, na hakuna inayoijibu haraka kuliko yenyewe. Mimi mwenyewe naipenda kwa mafunzo, maana mwanafunzi anaiona kwenye osiloskopu na anaelewa siku hiyohiyo.

Tatizo ni frikwensi ya swichi. Chukua basi la volti 700 lenye kati iliyounganishwa na nyutro, koili ya milihenri 5, na ukanda wenye upana wa ampea 2. Wakati volteji ya gridi inapita kwenye sifuri, swichi zinapiga kwa kilohezi 17.5. Kwenye kilele cha volti 311, zinapiga kwa kilohezi 3.7 tu. Ndani ya robo ya wimbi frikwensi inabadilika karibu mara tano. Utachagua koili na kichujio cha kutokea kwa frikwensi ipi? Utahesabuje joto la swichi? Na nyutro isipounganishwa, fezi tatu zinaingiliana, kosa la mkondo linaweza kufika mara mbili ya ukanda uliouweka. Kuna ukanda unaobadilika ili frikwensi itulie, lakini ukishafika huko, ule urahisi uliokuvutia umeshaondoka.

"Yaya, PI yangu inafanya vizuri kwenye onduleur ya sola. Mbona kwenye kichujio inashindwa?"

Kwa sababu kazi si ileile, leka wangu (hapa kwetu yaya ni ndugu mkubwa, leka ni mdogo). PI ni kidhibiti chenye kizidisho cha kosa na kikusanyaji cha kosa. Inveta ya sola inatakiwa kutoa hezi 50 peke yake. Kwenye fremu inayozunguka, hezi 50 imesimama, na kikusanyaji cha PI hufuta kosa lililosimama mpaka liishe kabisa. Kichujio kinatakiwa kufuata hezi 250, 350, 550, 650, ambazo hata ndani ya fremu hiyo hazisimami.

Tuhesabu. Koili milihenri 2, swichi kilohezi 10, sampuli kila mikrosekunde 100. Maikrokontrola inapima sasa, inapiga hesabu, na matokeo yanatumika kwenye kipindi kinachofuata. Ukiongeza nusu ya kipindi cha swichi zenyewe, kuchelewa kwa jumla ni vipindi 1.5, yaani mikrosekunde 150. Kanuni ya kawaida inakupa kizidisho cha koili ukiigawa kwa mara mbili ya kuchelewa, hapa 6.7 hivi. Kasi ya kitanzi inakuwa karibu hezi 530. Basi harmoniki ya 5 inaingia ikiwa imechoka, na ya 13 iko nje ya uwanja. Kupandisha kizidisho ili "kuisukuma" ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi: kitanzi kinaanza kupiga mluzi, halafu ulinzi unakizima.

Mikrosekunde 150 ni kitu gani? Mbona zinaongelewa kama msiba?

Hili ndilo swali ninaloliombea liulizwe. Kichujio amilifu hufanya kazi kwa kutoa: uchafu kasoro uchafu uleule. Ukichelewa, unatoa kitu kingine.

Kwa hezi 250, mikrosekunde 150 ni nyuzi 13.5. Ukitoa wimbi sahihi kwa ukubwa lakini limechelewa nyuzi hizo, kinachobaki kwenye transfoma ni asilimia 23 au 24 ya uchafu wa mwanzo. Inavumilika. Kwa hezi 650 kuchelewa ni nyuzi 35, na kinachobaki ni asilimia 60. Umelipia kabati zima ili upunguze asilimia 40. Ukifika nyuzi 60 hakuna unachopunguza hata kidogo: kinachobaki ni sawasawa na ulichokikuta. Nyuzi 60 kwa mikrosekunde 150 ni hezi 1111. Kwa hiyo harmoniki ya 23, ambayo ni hezi 1150, kichujio kisichorekebisha kuchelewa kwake kinaiongeza. Methali ya haraka haraka haina baraka haikutungwa na mtu wa vichujio.

Ndiyo maana nikiulizwa njia ipi ya kudhibiti mkondo ni bora, nami huuliza: inafanya nini na kuchelewa? Histeresisi ya analogia karibu haina kuchelewa. PI ya kawaida inapokea kuchelewa kama kulivyo. Njia nyingine zote za kidijitali ni hila za kukwepa kuchelewa, ama kwa kukumbuka yaliyopita, ama kwa kubashiri yajayo.

Kukumbuka yaliyopita ni kufanyaje?

Harmoniki za kiwandani hurudia. Wimbi la sasa linafanana na la milisekunde 20 zilizopita, na la kabla yake. Huhitaji kuwa na mbio kama unajua mwenzako atapita wapi.

Njia ya kwanza ni vidhibiti vya resonanti: kimoja kwa kila harmoniki, chenye kizidisho kikubwa mno kwenye frikwensi ile tu. Msingi wake wa hesabu uliwekwa na Francis na Wonham mwaka 1976: ili kufuata wimbi bila kosa, kidhibiti lazima kibebe ndani yake mfano wa wimbi hilo. Hapa kuna zawadi moja ndogo. Kwenye fezi tatu zilizo sawa, harmoniki ya 5 huzunguka kinyume na ya 7 huzunguka mbele. Ukizitazama kutoka kwenye fremu inayozunguka kwa hezi 50, zote mbili zinakuwa hezi 300. Kidhibiti kimoja cha hezi 300 kinaua mbili. Cha hezi 600 kinaua ya 11 na ya 13. Usisahau tu kumwongezea kila mmoja pembe ya kurudisha kuchelewa. Bila hiyo, vya juu vitakutikisa.

Njia ya pili ni udhibiti wa kurudia: unahifadhi kosa la wimbi zima na kulisahihisha kwenye wimbi linalofuata. Kwa sampuli za kilohezi 10, wimbi la hezi 50 ni sampuli 200 kamili, na harmoniki zote zinashughulikiwa kwa pamoja. Gridi ikiteleza hadi hezi 50.5 wimbi ni sampuli 198.02, na ile 0.02 hutakuwa na pa kuiweka mpaka uandike hesabu ya ziada. Tena, mzigo ukibadilika ghafla, kumbukumbu inakuwa ya mambo yaliyokwisha, na mawimbi kadhaa hupita kabla haijajifunza upya. Kwa kinu kinachosaga saa nzima bila kubadilika ni sawa. Kwa mashine za kulehemu zinazowaka na kuzima, sishauri iwe peke yake.

Na kubashiri?

Udhibiti wa pigo moja unauliza: ni volteji gani itakayofikisha mkondo ninapotaka ndani ya kipindi kimoja cha sampuli? Jibu ni volteji ya gridi, ongeza koili mara tofauti ya mkondo, gawa kwa kipindi. Mstari mmoja wa programu. Unategemea kuijua koili, na koili ina tabia mbaya ya kupoteza thamani yake mkondo unapokuwa mkubwa kwa sababu kiini kimeshiba. Hata ukisahau kuchelewa, thamani uliyoiandika ikizidi mara mbili ya ile halisi, kitanzi kinalipuka; ukihesabu na kuchelewa, nafasi uliyonayo ni ndogo zaidi.

Udhibiti wa kubashiri kwa hali za swichi unaruka hesabu ya PWM, ile ya kugeuza volteji kuwa upana wa mapigo ya swichi. Kigeuzi cha ngazi mbili chenye fezi tatu kina hali 8 tu za swichi, zinazotoa volteji 7 tofauti. Maikrokontrola inajaribu zote kichwani, inatazama ipi itafanya kosa liwe dogo, inaichagua, kisha inarudia. Unaweza kuongeza masharti mengine, kwa mfano swichi zisipige kupita kiasi. Napenda uwazi wake. Sipendi kwamba uchafu wake wa juu unatawanyika kila mahali badala ya kukaa kwenye frikwensi moja, na kwamba inataka sampuli za haraka sana ili ilingane na PWM ya kawaida. Wanafunzi wanaichagua kwa kuwa inapendeza kwenye kazi ya kumaliza masomo. Kwenye kabati la kuuza, bado ningeweka PI pamoja na resonanti.

Nikichagua njia nzuri, naweza kupunguza volteji ya basi la DC ili kapasita ziwe za bei nafuu?

Hapana. Gridi ya volti 400 ina kilele cha volti 566 kati ya fezi na fezi. Kichujio kinahitaji kuzidi hapo ili kubaki na cha kusukumia mkondo wa harmoniki kwenye koili, ndiyo maana utaona volti 700 hadi 800. Hakuna programu inayoweza kutoa volteji isiyokuwepo.

Nimezima harmoniki ya 5 ya mzigo wote, lakini kichujio chenyewe kinatoa ya 5. Imetoka wapi?

Tazama muda mfu, ule mwanya unaowekwa ili swichi ya juu na ya chini zisiwake pamoja. Mikrosekunde 2 kwa kilohezi 10 na basi la volti 700 ni kosa la volti 14 linalobadilika alama pamoja na mkondo. Wimbi la mraba la namna hiyo limejaa harmoniki ya 5 na ya 7. Rekebisha muda mfu kwanza.

Tukiwa kwenye jenereta, kichujio kinaanza kuunguruma. Ni kibovu?

Mara nyingi ni kizima. Transfoma ina impidansi ya 4 hadi 6%, lakini jenereta, grupu kama tunavyoiita hapa, kwa harmoniki huonekana kama 12 hadi 20%. Mambo mawili yanatokea. Uchafu uleule wa mkondo unaharibu volteji mara tatu hivi zaidi. Na kichujio cha kutokea cha LCL (koili, kapasita, koili) kinajikuta na koili kubwa mbele yake, hivyo resonansi yake inashuka. Kuna mpaka wa kujua: frikwensi ya sampuli ukiigawa kwa 6, yaani hezi 1667 kwa sampuli za kilohezi 10. Kitanzi kinachopima mkondo wa upande wa gridi kinaweza kutulia chenyewe resonansi ikiwa juu ya mpaka huo, na kinapoteza utulivu ikishuka chini yake. Kinachopima upande wa kigeuzi ni kinyume chake. Kwa hiyo kabati lililotulia mchana kwenye transfoma linalia usiku kwenye grupu. Weka kizima mtikisiko, cha programu au cha ukinzani halisi, na upime ukiwa kwenye grupu kabla hujasaini kazi. Hakikisha pia kifuatiliaji cha frikwensi kinavumilia hezi 48 hadi 52.

Baada ya kuwasha kichujio harmoniki zimeongezeka mara mbili. Nipunguze vizidisho?

Usiguse chochote kwanza. Nenda katazame transfoma za mkondo. Kwenye karakana moja ya barabara ya Kipushi nilikaa siku mbili nikibadilisha vizidisho, nikimlaumu kila mtu, mpaka kijana aliyekuwa akinishikia taa akauliza, "Papa, hizi S1 na S2 hazijapishana?" Ncha hizo mbili za transfoma ya mkondo zilikuwa zimepishana, na niliyezifunga ni mimi. Ampea 30 za harmoniki ya 5 zilikuwa 60, sawasawa na hesabu inavyotaka: badala ya kutoa nilikuwa najumlisha. Hakikisha pia kila transfoma ya mkondo iko kwenye fezi yake.

Kipimo changu cha kubana waya kinaonyesha mkondo mdogo, lakini kebo inachemka.

Kipimo cha bei ndogo hupima wastani na kudhani wimbi ni sini. Kwenye rektifaya ya fezi moja yenye kapasita kinaweza kusoma pungufu hadi asilimia 40. Nunua kinachopima thamani halisi ya RMS, ile inayolingana na joto la mkondo. Na ukipata cha kuchambua harmoniki, pima volteji pia: kiwango cha IEEE 519 kinaweka 8% kuwa ukomo wa jumla kwa volteji isiyozidi kilovolti 1.

Laini ya Inga (kwenye mabwawa ya umeme ya mto Kongo) hadi Kolwezi nayo inadhibitiwa hivi?

Wazo ni lilelile, kasi ni tofauti. Laini hiyo ya mkondo mnyoofu, ya kilomita 1700 hivi na kilovolti 500, ilijengwa kwa thairista na ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Thairista unaiwasha, huwezi kuizima; inazimika mkondo wake unapofika sifuri. Kwenye laini za aina hii kituo cha kutuma kwa kawaida ndicho kinachoshikilia mkondo kwa kuchelewesha pembe ya kuwasha, na cha kupokea kinashikilia upande wa volteji. Kwenye kigeuzi cha mapigo 12, nafasi ya kusahihisha inapatikana kila milisekunde 1.67. Linganisha na mikrosekunde 100 za kabati lako, utaona kwa nini huko harmoniki zimeachiwa vichujio tuli vikubwa vya koili na kapasita.

Nianze wapi nikitaka kujenga kidogo changu cha kujifunzia?

Anza na fezi moja, volti 48 kwenye basi, koili, na ukinzani kama mzigo. Funga kitanzi cha mkondo mnyoofu kwanza, kisha hezi 50, kisha ongeza resonanti moja ya hezi 250. Pima kuchelewa kwako mwenyewe kwa osiloskopu, kuanzia kwenye sampuli hadi swichi inapobadilika, usiamini karatasi. Weka ulinzi wa mkondo wa vifaa, usiopita kwenye programu, maana programu ndiyo itakayoganda. Na siku utakapopanda hadi volti 700, funga ukinzani wa kumwaga chaji kwenye basi, zima, subiri dakika kamili zilizoandikwa kwenye kabati, halafu pima kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni.